Siku Moja kwa Wagenia

Mtoto wa Kisangani aweza kumaliza masomo yake yote, akajua kutaja mito ya Ulaya na milima yake, wala asiwe amefika hata mara moja kwenye maporomoko yaliyo karibu na mji wake. Leo twapenda kuwashauri mwende huko pamoja, baba, mama na watoto, siku ya Dominika baada ya Misa, au siku ya mapumziko ya shule. Safari si ndefu: toleka itawafikisha, na wenye nguvu watakwenda kwa miguu.

Jueni kwanza mnakokwenda. Mto Lualaba ukitoka kusini hukutana na maporomoko saba kati ya Ubundu na Kisangani, mwendo wa kilometa 100 hivi, nao hushuka kwa kadiri ya meta 60. La saba ndilo la Wagenia. Likiisha hilo, mto waitwa Kongo, na meli zaweza kushuka hata Kinshasa, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,700. Ndiyo sababu mji ulikua mahali hapa. Ndiyo sababu pia ilijengwa reli ya kilometa 125 kwenda Ubundu, ikamalizika mwaka 1906, kwa maana penye mawe yale meli haipiti.

Wagenia walikuwako kabla ya hayo yote. Stanley aliposhuka mto mwezi wa Januari 1877, yeye na watu wake wa Unguja walilazimika kuburuta mitumbwi nchi kavu msituni ili kuyaepuka maporomoko. Mwaka 1883 alirudi, akaweka kituo. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyi biashara wa Unguja, akafanywa liwali wa mahali hapa kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Misafara ya wafanyi biashara hao ilileta lugha hii tunayoandika. Ilileta pia utumwa na vilio. Waambieni watoto mambo yote mawili, msiwafiche lolote.

Mkifika ukingoni, msiwe na haraka ya kupiga picha. Watazameni wavuvi wakifanya kazi. Miti mirefu imesimamishwa kati ya miamba, ikafungwa kwa kamba za msituni, na juu yake yakawekwa magogo ya kupita. Kutoka huko hushushwa migono mikubwa, yenye kinywa kipana na mkia mwembamba, nayo huelekezwa penye maji makali. Samaki akiisha kuingia hawezi kugeuka, kwa kuwa nguvu ya maji yenyewe humsukuma ndani. Hapana mashine hata moja. Lakini mwulizeni mwanafunzi wenu: mti wausimamishaje katika maji yawezayo kumchukua mtu? Mgono waushushaje usivunjike? Hayo hayakuandikwa ubaoni. Baba humwonyesha mwana, na mwana hujifunza kwa mikono yake na kwa kuogelea. Na mto ukijaa ukang'oa miti, kazi huanza tena.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wetu atapona kwa kufika kwetu? Basi ombeni ruhusa kwa wakubwa wa kijiji. Pataneni kwanza juu ya malipo ya mtembezi na ya mtumbwi, mlipe mlichoahidi bila manung'uniko. Nunueni samaki hapo hapo. Wasalimuni wazee kwa heshima, na watoto wenu wasinyoshe vidole wala kucheka. Washikeni mikono, kwa kuwa mawe yana utelezi na maji hayana mchezo.

Twasema haya kwa sababu jambo kubwa liko hatarini. Mtoto wa mvuvi naye huenda shuleni. Akiona kila mara watu wa mji wakija kumcheka baba yake, ataanza kuionea haya kazi ile, na siku moja ataiacha. Mti ukichukuliwa na maji, mwingine hupatikana msituni. Ujuzi ukipotea haukatwi msituni. Lakini akiona mwenzake wa shule amekaa mbele ya baba yake na kuuliza maswali kama mbele ya mwalimu, atajua kwamba nyumbani kwao pana elimu.

Tena Kisangani imetajwa mbali kwa habari za vita, za mwaka 1964 na za mwezi wa Juni 2000. Hayo hatuwezi kuyafuta. Lakini si haki mtoto aujue mji wake kwa makaburi tu. Na ajue pia kwamba hapa pana watu walioweza kusimama katika maji yaliyoshinda meli, wakalisha jamaa zao.

Jioni, kabla ya kulala, kila mtoto na aeleze jambo moja alilofundishwa na mvuvi. Asiyekumbuka hata moja, mrudisheni tena mwezi ujao.