Siku ya malipo nayo ni bei

Machi 1, 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kutumia kitita kipya cha bei, na hospitali kadhaa kubwa za binafsi, kupitia chama chao cha APHTA, zikagoma kuwahudumia wanachama wake. Mfuko ulidai bei hizo zinalingana na soko. Hospitali zikadai hazirudishi gharama. Mwenye kadi, ambaye fedha yake ilikwisha lipwa, ndiye aliyebaki mlangoni.

Mjadala mwingi ulikuwa juu ya viwango. Kwa maoni yetu ipo bei ya pili isiyoonekana katika kitita, nayo ni siku ya malipo.

Anayeuza kwa mali kauli analijua hili. Gunia la mchele kwa fedha taslimu na gunia hilo hilo kwa ahadi ya miezi mitatu hayana bei moja. Hospitali humtibu mwenye kadi leo, hujaza fomu, hupeleka madai, kisha husubiri yakaguliwe. Mishahara, dawa na umeme havisubiri.

Tupige hesabu ya mfano. Hospitali inadai sh. milioni 50 kila mwezi na hulipwa baada ya miezi mitatu. Wakati wote sh. milioni 150 zake ziko nje. Ikizikopa benki kwa riba ya asilimia 18, italipa sh. milioni 27 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 4.5 ya madai yake yote ya mwaka, kabla ya kununua hata bomba la sindano. Gharama hiyo itapandishwa kwenye bei, au itafidiwa kwa kupunguza huduma.

Mfuko nao una hoja. Madai ya uongo yapo, na fedha za wanachama lazima zilindwe. Lakini dai moja lenye shaka lisizuie mia yaliyo safi. Yasiyo na ubishi yalipwe kwa tarehe, yenye ubishi yawekwe kando, na atakayechelewa alipe riba. Mnunuzi anayelipa mapema ana haki ya kudai punguzo.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, akikataliwa hapa hujaribu pale. Mwenye duka au mkulima wa kahawa wa Msangeni hana nafasi hiyo. Hushuka mlima hadi Mwanga, na akipewa rufaa huendelea hadi Moshi. Kadi ikikataliwa huko, nauli imekwisha, siku ya biashara imepotea na mgonjwa bado anaumwa. Kwa hiyo hospitali isiruhusiwe kusitisha huduma bila notisi ya kutosha, na notisi hiyo iwafikie hata walioko milimani.

Jambo hili linawagusa wafanyabiashara wadogo zaidi sasa. Mtumishi wa Serikali hukatwa asilimia 3 na mwajiri wake humwongezea 3. Mchuuzi hana wa kumwongezea, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka naye aingie. Atalipa kutoka katika mtaji wake.

Basi kitita kitangazwe pamoja na siku za malipo. Nawe msomaji, kabla ya kulipia kadi, uliza ni hospitali zipi zinaipokea na ni huduma zipi inazilipia. Hununui gunia bila kulifungua.