Mfumo Umekataa

Lipo neno moja ambalo siku hizi limekuwa ngao ya kila mtu aliyekaa nyuma ya meza. Ukienda kufuatilia mafao utalisikia. Ukienda kulipia maji, kusajili laini ya simu au kuulizia cheti cha mjukuu wako, utalisikia lilelile: "Mzee, mfumo umekataa." Likishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Mwananchi aliyetoka Kalinzi au Kagunga tangu alfajiri hugeuka na kurudi alikotoka, na karani huita, "Anayefuata!"

Mimi nalipinga neno hilo, na ninawapinga pia ndugu zake wawili. Wa kwanza husema, "Mfumo una mdudu," pasipo kuonyesha mdudu huyo yuko wapi. Wa pili, ambaye kwa maoni yangu ndiye mbaya kuliko wote, husema, "Mfumo haukosei." Maneno haya matatu yaonekana kupingana, kumbe yamezaliwa na mama mmoja, naye ni uvivu wa kuchunguza.

Kwanza tujue kinacholaumiwa. Nyuma ya kila "mfumo" wa ofisi kuna kitu kinachoitwa kanzidata, na kanzidata nyingi za ofisi zimejengwa juu ya wazo lililochapishwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya IBM huko Marekani. Wazo lenyewe mwalimu yeyote atalielewa. Shuleni tuna daftari la wanafunzi, daftari la mahudhurio, na daftari la vitabu vya kuazima. Badala ya kuandika jina, kijiji na mzazi wa mtoto katika kila daftari, unampa mtoto namba moja, na namba hiyo ndiyo inayoyaunganisha madaftari yote. Seva ni karani anayeyatunza. Hupokea maswali kutoka kompyuta nyingi kwa wakati mmoja na kuyajibu.

Karani huyu ana tabia moja ambayo ni lazima tuikumbuke. Hutii maneno kama yalivyo. Mwaka 2016 serikali yetu ilitangaza kwamba imewaondoa katika orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000. Je, kompyuta ilikuwa mgonjwa? La hasha. Ilimlipa kila aliyeandikwa, kwa uaminifu, mwezi baada ya mwezi. Waliokuwa wagonjwa ni waliomwandika marehemu kama aliye hai.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliniambia mara tatu kwamba mimi simo kwenye mfumo. Safari ya nne nilimkuta kijana ambaye, badala ya kuniambia kwamba mfumo umekataa, aliniuliza maswali. Alitafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, sikuonekana. Akaiacha tarehe, akatafuta kwa jina peke yake. Nikaonekana! Nimezaliwa tarehe 4 Machi. Aliyeingiza habari zangu aliandika 04/03, na kompyuta yake, iliyopangwa kwa desturi ya Marekani ya kutanguliza mwezi, ikasoma tarehe 3 Aprili. Ningelizaliwa tarehe 14, kompyuta ingeuliza mwezi wa 14 ni upi, na kosa lingeonekana siku ileile. Kazi nzima haikumchukua kijana yule dakika kumi. Safari zangu tatu za kwanza ziliharibiwa na watu ambao hawakubadilisha hata neno moja katika swali lao.

Msomaji atazame vizuri alichofanya kijana yule, kwani ndiyo elimu yote ya kutafuta hitilafu. Alirudia jambo lenyewe akaliona kwa macho yake. Kisha akaondoa kitu kimoja, kimoja tu, akatazama kimebadilika nini. Mafundi wa kanzidata popote duniani hawana siri kubwa kuliko hiyo. Fundi mwema atakuuliza: Uliandika nini hasa? Ulitegemea kupata nini? Ulipata nini? Kioo cha kompyuta kiliandika maneno gani, neno kwa neno? Programu ni ya toleo lipi? Ukirudia, linatokea tena? Kisha hupunguza swali, mstari baada ya mstari, mpaka abaki na dogo kabisa ambalo bado linaleta kosa. Chuo cha ualimu nilichosoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilitufundisha hayohayo pasipo kompyuta hata moja: mtoto akikosa hesabu usimwekee mkasi ukapita, tafuta mstari alipopotelea.

Mara nyingi uchunguzi wa namna hii huishia kwetu sisi wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chukua mfano ambao umewasumbua mafundi wengi. Mwalimu anaiuliza kanzidata: nipe wanafunzi ambao namba zao hazimo katika orodha ya waliorudisha vitabu. Seva inajibu kwamba hakuna hata mmoja. Mwalimu anafurahi kwamba vitabu vyote vimerudi, lakini akifungua kabati anakuta nusu tupu. Hapo ndipo kelele za "seva ina mdudu" huanza. Kumbe katika orodha ya waliorudisha, kuna mstari mmoja ambao aliyeujaza aliacha namba ya mwanafunzi wazi. Kwa kanuni za kanzidata, nafasi iliyoachwa wazi maana yake si sifuri. Maana yake ni "haijulikani". Kwa hiyo, seva ikimfikia Juma, ambaye namba yake haionekani kwenye orodha, haiwezi kuapa kwamba yule asiyejulikana si Juma. Haiwezi kuapa juu ya Asha wala Ntahondi. Basi inawanyamazia wote. Kanuni hiyo yaweza kukuudhi, lakini imeandikwa, na aliyeisoma hapotei.

Hapa kwetu Kigoma hatuna haki ya kujifanya wageni wa somo hili, maana mojawapo ya mabishano makubwa ya karne ya 19 kuhusu kosa la vipimo lilihusu ziwa letu. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Walitaka kujua kama mto Rusizi, ulio kaskazini, unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji wa Uvira waliwaambia kwamba unaingia. Wazungu wale hawakufika mdomoni mwa mto kujionea, na baadaye mabishano yakaendelea Uingereza, watu wakigombana mezani juu ya mto ambao hawajauona. Aidha, kipimo chao cha kimo cha ziwa, kilichopatikana kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kilitoa takriban futi 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali kimo chenyewe ni kama futi 2,530. Hapo kweli kipimo kilikosea! Lakini ubishi wa mto ulimalizwaje? Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hapa Ujiji, wakapiga kasia hadi kaskazini, wakatazama maji. Yalikuwa yakiingia, kama wenyeji walivyosema miaka 13 nyuma. Hotuba zote za London hazikuwa na thamani ya safari ile moja ya mtumbwi.

Nimesema kipimo chaweza kukosea, na hapa nageukia yule ndugu wa tatu, anayesema kwamba mfumo haukosei. Huyo ameangamiza watu. Nchini Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Kompyuta zilionyesha upungufu wa fedha katika vituo vidogo vya posta. Wenye vituo walilia kwamba hawajaiba. Waliambiwa kwamba mfumo hauna kasoro, na wengine wakaambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Hadi mwaka 2015, zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walijiua. Sheria ya Uingereza ya wakati huo iliichukulia kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa mpaka mshitakiwa aonyeshe vinginevyo. Naye mshitakiwa angeonyeshaje, ilhali kumbukumbu za ndani zilikuwa mikononi mwa waliomshitaki? Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na wadudu, makosa na kasoro zilizoweza kuharibu hesabu. Sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla ilipitishwa Mei 2024, miaka 25 tangu mfumo uanze.

Wala asije mtu akasema kwamba hayo ni ya programu za hovyo tu. PostgreSQL ni kanzidata yenye sifa njema, inayotunzwa na mafundi hodari wa nchi nyingi. Mwaka 2018 iligundulika kwamba kwa takriban miaka 20 ilikuwa ikiamini jambo lisilo kweli kuhusu namna kompyuta inavyotoa taarifa pale diski inaposhindwa kuandika. Iliweza kuambiwa kwamba data imehifadhiwa, kumbe imepotea. Lakini tazama heshima ya mafundi wale. Mmoja alikutana na hasara, akaifuatilia hadi chanzo, akaieleza hadharani pamoja na ushahidi. Wenzake hawakumwambia kwamba ni yeye peke yake. Walijadili, wakakubali, wakarekebisha. Imani katika chombo hujengwa namna hiyo.

Sasa tutazame kwa majirani, mahali ambapo dhambi zote mbili zilikutana katika kesi moja. Baada ya uchaguzi wa rais wa Kenya wa tarehe 8 Agosti 2017, upande wa upinzani ulidai kwamba kanzidata ya matokeo imeingiliwa, ukatoa kurasa ulizosema ni kumbukumbu za seva. Tume ya uchaguzi ikajibu kwamba kanzidata yake ni ya Oracle, ilhali kurasa zile zilikuwa na sura ya seva ya Microsoft. Hilo lilikuwa jibu zuri, la kifundi. Lakini Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutii kikamilifu. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta uchaguzi, na kule kukataa kufungua seva kulihesabiwa dhidi ya tume. Miaka mitano baadaye, katika kesi ya mwaka 2022, seva zilikaguliwa kwa amri ya Mahakama, na fomu za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa hadharani ili kila mtu ajumlishe mwenyewe. Safari hii baadhi ya kumbukumbu za seva zilizoletwa na walalamikaji zilionekana kuwa za uongo, na matokeo yakathibitishwa na majaji wote saba.

Sichukui upande wa siasa za Kenya. Nachukua funzo. Anayedai kuna mdudu sharti amwonyeshe, tena mdudu wa nguo ile ile. Na mwenye nguo sharti akubali ikunjuliwe. Mmoja wao akikataa sehemu yake, hakuna ukweli utakaopatikana, hata mngeajiri mafundi wa dunia nzima.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: "Mwalimu, haya ni ya wasomi wa mijini. Mama muuza dagaa wa Kibirizi atachunguza seva iliyoko Dodoma au Dar es Salaam kwa kutumia nini?" Hoja hiyo ni ya kweli, nami naipokea, lakini inaelekea upande wangu. Kwa kuwa mama huyo hawezi kuifikia seva, mzigo wa kuchunguza hauwezi kuwa wake. Ni wa mwenye mfumo. Mama atoe alicho nacho: kitambulisho, risiti, siku na saa aliyofika. Karani naye aandike kwenye karatasi aliulizwa nini, aliingiza nini, na kioo kilijibu nini, ampe mama namba ya shauri lake, na aeleze ni nani atakayelifuatilia. Hayo hayahitaji umeme wala shahada. Yanahitaji kalamu. Mkoa huu, uliotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, umezoea kusikia kwamba umeme ndio ulioharibu kila kitu. Lakini hata umeme hauwi jibu mpaka mtu aonyeshe kwamba ulikatika saa ileile ambayo habari zilipotea. Seva njema huandika kwanza katika kitabu chake cha kumbukumbu kabla ya kugusa daftari kuu, ili umeme ukirudi ijue ilikuwa imefikia wapi. Kitabu hicho kipo. Kisomwe.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika ofisi zote za umma neno "mfumo umekataa" lisikubaliwe kuwa jibu, kama vile mwalimu asivyokubali "sijui" ya mtoto ambaye hajafungua kitabu. Anayelitamka aulizwe palepale: umekataa nini, kwa maneno gani, na umejaribu njia ngapi? Nanyi mnaosimama upande wa pili wa dirisha, msirudi nyumbani kabla hamjauliza hivyo. Ulizeni kwa adabu, na mkae mpaka mjibiwe.