Tairi Pana Nyuma Si Pambo

Si haba vijana wanaoamini kwamba gari lolote likifungwa tairi pana zaidi nyuma hugeuka kuwa gari la kasi. Mimi siafiki.

Tuitazame Porsche 911. Injini yake imekaa nyuma kabisa, hata kuipita ekseli. Ndiyo maana Carrera S iliyozinduliwa mwaka 2018 ilipewa tairi za mbele zenye upana wa milimita 245 na rimu za inchi 20, za nyuma milimita 305 na rimu za inchi 21. Upana umefuata uzito na nguvu, haukufuata urembo.

Lakini gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likiigizwa hivyo, nyuma hushika barabara kuliko mbele, nalo kwenye kona kali hukataa kupinda. Mwiga tembo hupasuka msamba.

Walimu wa fizikia wana kazi hapa. Kanuni ya darasani yasema msuguano hautegemei eneo la mguso. Mpira wa tairi hauitii kikamilifu. Mwanafunzi na aelezwe kwa nini, kabla hajakabidhiwa usukani.