Saikolojia si somo la kumeza

NYANDA ZA JUU
Na Atupele Mwasongwe, Makongolosi

Wiki moja kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, pita kwenye stationari yoyote iliyo jirani na geti la chuo, iwe Mbeya mjini au Iringa. Foleni inatoka hadi nje. Wanachosubiri ni desa: kurasa zilizobanwa pini, nakala ya nakala, herufi zimefifia, na pembeni kuna mistari iliyopigwa na mtu aliyemaliza chuo zamani. Likiwa desa la saikolojia ya elimu, mwanzoni utamkuta Pavlov na mbwa wake, katikati hatua nne za Piaget, mwishoni nadharia za kumbukumbu na kusahau. Mwanachuo atalimeza kwa kukesha siku mbili na kulitema kwenye karatasi ya mtihani. Asipokamata sapu, yaani mtihani wa marudio, atamshukuru Mungu. Muhula mwingine ukianza, mwulize Piaget alisema nini. Atakumbuka jina.

Hili linaniuma kuliko uzembe mwingine wowote wa vyuoni. Saikolojia ya elimu husomwa na walimu watarajiwa, na ndani yake mna maelezo ya jinsi binadamu anavyojifunza. Mwanachuo wa uhasibu akikariri somo lake, amejipunja yeye kwanza. Mwalimu mtarajiwa akikariri saikolojia, amewapunja watoto ambao bado hajawaona.

Ajabu ni kwamba dawa ya zimamoto hii ya kukesha siku za mwisho imo ndani ya somo lenyewe. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba marudio 38 aliyoyagawa kwa siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Yaani karibu nusu ya jasho, kwa kupanga siku tu.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanachuo makala fupi za kisayansi. Kundi moja liliisoma makala kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha likaandika lilichokumbuka bila kuitazama, mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83 na wenzao asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima walikuwa na asilimia 61. Tena waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Hapo ndipo ulipo mtego. Desa ukilisoma mara ya tatu linateleza, kila sentensi unaiona ni ya nyumbani, na moyo unakwambia umeelewa. Mchimbaji wa hapa Makongolosi hakubali kudanganywa hivyo. Jiwe likimng'aria hakimbilii kulipia karasha ya kusagia mawe. Anatwanga kipande, anakiosha kwenye karai, anatazama kilichobaki chini. Mwanachuo naye afunike desa, achukue karatasi tupu, aandike anachojua. Kinachobaki kwenye karatasi ndicho chake.

Lakini wanachuo wengi hawataki. Mhadhiri akiingia darasani na swali badala ya kuwasomea notsi, akawagawa kwenye vikundi na kuwaambia wabishane, minong'ono inaanza: huyu hafundishi, anatupotezea muda, atupe notsi. Watu wamekulia kwenye shule ambako kufundishwa ni kuandikiwa ubaoni, na anayewadai wafikiri wanamwona amekwepa kazi yake.

Si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa na Louis Deslauriers na wenzake katika madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mada ilikuwa moja. Kundi moja lilisikiliza mhadhara ulionyooka, jingine lilitatua maswali kwa vikundi. Waliotatua maswali walijifunza zaidi, lakini wenyewe waliona wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Kuhangaika kulionekana kama kushindwa. Kwa hiyo mhadhiri anayenung'unikiwa asirudi nyuma. Awaeleze wanafunzi wake siku ya kwanza kwa nini itawauma, na awaonyeshe matokeo kama haya.

Sitawatwisha wanachuo mzigo wote. Wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa nadharia zote wanazipata kwa Kiingereza. Asiyeimudu lugha hana pa kukimbilia ila kukariri. Madarasa yamejaa, na mhadhiri mwenye mamia ya karatasi za kusahihisha anaona nafuu kutunga swali la "taja na eleza". Swali hilo ndilo linalolipa desa. Swali likirudi vilevile kila mwaka, mwanafunzi anayemeza ameusoma mtihani vizuri, na lawama ni ya mtihani.

Hasara ya kumeza tunaivuna huku. Fikiria mwanachuo anayekuja BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye shule ya mji wa dhahabu kama wetu. Mbele yake yuko kijana wa Kidato cha Pili aliyeshinda jana akibeba mawe, leo hakunywa hata uji, na saa nne asubuhi kichwa kimelala kwenye dawati. Mwalimu huyo anaweza kukupangia ngazi tano za mahitaji za Abraham Maslow, chakula na usingizi zikiwa chini kabisa, na mwaka 1943 zilipochapishwa akautaja. Kisha anashika fimbo. Maslow hakumjia kichwani, kwa sababu alimweka mahali pa kujibia mtihani, na darasani hakuna mtihani.

Mwalimu Nyerere alilisema hili Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: alitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa wengine, akichukua kinachomfaa na kukikataa kisichomfaa. Akili hiyo haipatikani kwa kunakili, na mwalimu asiyekuwa nayo hana cha kumrithisha mtoto.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wahadhiri, tungeni maswali yanayoanzia darasani: mpeni mwanachuo mtoto wa miaka minane asiyeweza kutoa kwa kukopa, mwulizeni Piaget anamsaidiaje kuanza na vizibo vya soda kabla ya tarakimu. Desa halitajibu hilo. Toeni pia jaribio la dakika kumi kila wiki, hata lisilo na alama, na wanachuo wasahihishane. Nanyi wanachuo, mkikaa kwenye vimbweta, mmoja ashike notsi, wengine waeleze bila kutazama, kwa Kiswahili kwanza kama ndicho kinachofungua akili, kisha kwa Kiingereza cha mtihani. Fanyeni hivyo tangu wiki ya pili ya muhula, msingoje ratiba ya UE ibandikwe.

Mwalimu ambaye hajawahi kujifunza kwa kuelewa hawezi kumfundisha mtoto kuelewa. Atampa mazoea aliyonayo. Watoto wa Makongolosi wanastahili kupewa mazoea bora kuliko ya desa.