Neno la Mhariri: Babu, Mhenga au Mzimu?

Katika kongamano moja la historia ya Kanisa nililohudhuria, katekista mstaafu aliyealikwa kama mgeni alisimama wakati wa maswali. Rozari ilichungulia kwenye mfuko wa koti lake, na mkononi alishika ikisiri ya mada iliyokuwa imetoka kuwasilishwa. Neno moja alikuwa amelizungushia kalamu. "Tumsifu Yesu Kristo," alianza, ukumbi ukaitikia. Kisha akauliza kwa Kiswahili: "Padre, hili neno ulilolirudia sana, nikifika kigangoni niwaambieje watu? Kristo ni babu yetu, ni mhenga wetu, au ni mzimu wetu?" Mwenyekiti wa kikao akatazama saa, akamwomba mzee radhi kwamba muda umekwisha, akaongeza kuwa hilo ni suala la tafsiri tu. Tukatoka kwenda kunywa chai.

Ile "tu" sijaisahau, na ndiyo iliyozaa toleo hili.

Maana mzee hakuuliza jambo la pembeni. Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania, alichapisha mwaka 1984 kitabu kwa Kiingereza kinachomweleza Kristo kwa mfano wa wale waliotutangulia katika ukoo. Kwa maelezo yake, mtu wa namna hiyo ana undugu na walio hai, ni kielelezo cha mwenendo wao, na ana haki ya kukumbukwa na kusemeshwa nao. Kiingereza kinayabeba yote hayo kwa neno moja, ancestor. Kiswahili kinayagawa. Undugu umo katika babu, lakini babu anaweza pia kuwa yule mzee anayeota jua barazani asubuhi hii. Kielelezo kimo katika mhenga. Tunamtaja kila tunapotoa methali, ila sijamsikia mtu akimwomba mhenga mvua. Kusemeshwa kumo katika mzimu: huyo ndiye aliyekufa na bado ana mkono nyumbani, akisahauliwa husononeka, akitambikiwa hutulia. Na mzimu ndilo neno ambalo vizazi vya wakatekumeni vilifundishwa kuliacha nje ya mlango wa kanisa.

Basi anayetaka kuisema teolojia hiyo kwa Kiswahili lazima achague, na akichagua tu, ameshaingia katika mjadala ambao Kiingereza kilimwezesha kuukwepa. Huko ndiko fikra zinakoanzia kazi. Kuita jambo hilo tafsiri ni kuwanyima waumini nafasi ya kufikiri.

Historia yenyewe inatupa ushahidi. Januari 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alijadiliana na mkuu wa kitivo chake, Alfred Vanneste: je, teolojia yenye sura ya Kiafrika inawezekana? Mjadala huo wa Kifaransa unatajwa katika karibu kila mkutano wa fani yetu, na unastahili. Lakini wakati huohuo, Kolwezi, kusini mwa nchi hiyohiyo, wafanyakazi wa migodi ya shaba na wake zao walikuwa wakikutana katika Jamaa, kundi lililokua chini ya Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Waliitana baba na mama. Mafundisho yao yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kwa Kiswahili cha Katanga, watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu walijadili Mungu ni nani, ndoa ni nini, na padre anahitaji nini kwa waumini wake ili naye awe mtu kamili. Baadaye baadhi ya makundi hayo yaligongana na maaskofu, nayo ni sehemu ya historia inayotakiwa kuandikwa. Kitabu cha Tempels cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu kimebishaniwa na wanafalsafa mpaka leo. Mabaraza ya Kolwezi yanapewa aya moja, tena kama mfano wa dini ya mtaani. Naamini tumeupindua uzito wa mambo.

Najua hoja ya upande wa pili. Shajara za vituo vya Mapadre Weupe ziliandikwa kwa Kifaransa, vitabu vya ubatizo kwa Kilatini, barua nyingi za Wabenediktini wa kusini mwa Tanzania kwa Kijerumani, na kijana anayetaka kuwa mwanahistoria wa Kanisa hana budi kuzisomea lugha hizo. Nakubali kabisa. Kusoma chanzo kwa lugha yake, hata hivyo, hakumlazimishi mtu kuwazia katika lugha hiyo. John Sivalon, mmisionari wa Maryknoll kutoka Marekani, alitoa mwaka 1992 utafiti wake kuhusu Kanisa Katoliki na siasa ya Tanzania Bara, akauandika kwa Kiswahili. Ulisomwa na kubishaniwa mbali na parokia. Waislamu waliunukuu katika hoja zao. Hata anayeyapinga mahitimisho yake atakiri kwamba wanaohusika walipata nafasi ya kujibu.

Kwa hiyo makala zote za toleo hili zimeandikwa kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, na kila mwandishi ameombwa aeleze kwa nini amechagua neno alilochagua. Baadhi walinung'unika, mmoja alichelewa miezi miwili. Sisikitiki, kwa sababu makala yake ndiyo inayofungua toleo: inashika neno mzimu bila woga, na kurasa chache mbele katekista aliye kazini anampinga na kutetea babu. Nakala ya kwanza inakwenda kwa yule mzee, kigangoni kwake, ikiwa na bahasha tupu iliyobandikwa stempu.