Dozi moja ya chanjo ya saratani: Walioithibitisha ni mabinti zetu



Mwezi Aprili mwaka 2024 Tanzania ilibadili utaratibu wa chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Tangu mwaka 2018 chanjo hiyo ilikuwa ikitolewa kwa sindano mbili, na walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14. Sasa ikaamuliwa kwamba sindano moja yatosha, na mlango ukafunguliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi makini ana haki ya kusimama hapo na kuuliza. Jana tuliambiwa kinga haitimii ila kwa sindano mbili, leo tunaambiwa moja yatosha. Je, ni elimu mpya iliyopatikana, au ni serikali kukwepa gharama?

Swali hilo ni zuri, nalo halistahiki kujibiwa kwa kejeli. Jibu la kweli ni kwamba yote mawili yamo. Sindano moja ni nafuu kuliko mbili, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini unafuu peke yake usingeruhusu mabadiliko hayo kama elimu isingekuwepo, na sehemu kubwa ya elimu hiyo haikuletwa kutoka ng'ambo. Ilipatikana Kisumu, Thika, Nairobi na Mwanza, kwa wasichana wanaofanana na hawa tunaowalea majumbani mwetu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Aina za kirusi hicho ni nyingi, na aghalabu mwili hukiondoa wenyewe bila mtu kujua. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Kirusi kikikaa mwilini bila kuondoka, huchukua kama miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani, na hufanya haraka zaidi kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi. Ndiyo maana mama hupatwa akiwa na miaka 40 au 50, wakati watoto bado wanamhitaji. Nchini Tanzania wanawake takriban 10,000 hugundulika nayo kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Wengi wa wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umeshaenea, pale ambapo tiba hupunguza maumivu zaidi kuliko inavyoponya.

Chanjo ilianza kutumika duniani mwaka 2006, na wakati huo ilikuwa ni sindano tatu ndani ya miezi sita. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likasema mbili zatosha kwa wasichana wadogo. Mwaka 2022 likasema hata moja yatosha. Katikati ya hatua hizo pana kisa cha India ambacho wazazi wanapaswa kukijua, kwa kuwa kina mazuri na mabaya ndani yake.

Watafiti nchini India walianza mwaka 2009 kulinganisha sindano mbili na tatu. Mwezi Aprili mwaka 2010, serikali ya nchi hiyo iliamuru chanjo isitishwe baada ya wasichana saba kufariki katika mradi mwingine kabisa wa chanjo, uliokuwa ukiendeshwa na shirika la kigeni katika majimbo ya Andhra Pradesh na Gujarat. Uchunguzi haukuona kuwa vifo hivyo vilitokana na chanjo. Mmoja alizama majini, mwingine aling'atwa na nyoka. Lakini uchunguzi huohuo ulifichua aibu nyingine. Wasichana wengi walikuwa wakiishi mabwenini, na fomu za ridhaa zilitiwa saini na walezi wa mabweni badala ya wazazi. Mzazi hakuulizwa. Huko ni kuvunja amana, na dawa kuwa salama hakufuti kosa hilo.

Amri ile ya kusitisha iliwaacha karibu wasichana 5,000 wakiwa wamepata sindano moja tu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia, na baada ya miaka kumi wakaona kwamba sindano ile moja iliwakinga na maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 95, karibu sawa na waliopata mbili au tatu.

Hata hivyo, jambo lililotokea kwa bahati halitoshi kuwa hoja ya kuongozea mataifa. Yamkini wasichana waliopata sindano moja walitofautiana na wenzao kwa sababu isiyojulikana. Ilibidi swali liulizwe upya kwa mizani iliyonyooka, na Kenya ndiko lilikoulizwa. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), akiwemo Dk. Nelly Mugo, pamoja na wenzao wa Marekani, waliandikisha wasichana 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20. Kwa njia ya kura waligawanywa makundi matatu. Makundi mawili yalipata sindano moja ya chanjo ya HPV, kila kundi aina yake, na kundi la tatu likapata chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Msichana hakujua amepata ipi, wala aliyempima hakujua.

Baadhi ya watu hukasirika wakisikia neno kura katika mambo ya tiba, wakidhani wagonjwa wanachezewa kamari. La hasha. Kura ndiyo inayomzuia mtafiti asipendelee. Daktari anaweza kuipenda mbinu mpya kwa moyo safi kabisa na akawa amekosea. Mfano upo katika upasuaji wa saratani hiihii. Kwa miaka kadhaa upasuaji wa kutoa kizazi kwa matundu madogo ulisifiwa kuliko ule wa kupasua tumbo, kwa kuwa mgonjwa hupona kidonda upesi. Wanawake 631 wa nchi mbalimbali walipogawanywa kwa kura, matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yaliwashangaza wapasuaji wenyewe: saratani ilirudi zaidi kwa waliofanyiwa kwa njia ile mpya, na waliofariki walikuwa 19, dhidi ya 3 wa njia ya zamani. Bila kura, wangeendelea kuisifu.

Turudi Kenya. Baada ya miezi 18, miongoni mwa wasichana ambao mwanzoni hawakuwa na dalili ya aina ya 16 wala ya 18, walipatikana 38 wenye maambukizi sugu. Katika hao, mmoja alitoka kundi la kwanza la chanjo ya HPV, mmoja kundi la pili, na 36 walitoka kundi la tatu. Hesabu hiyo ni sawa na kinga ya asilimia 97.5. Walipoendelea kufuatiliwa hadi mwaka wa tatu, kinga haikushuka. Wale wa kundi la tatu nao walipangiwa kupewa chanjo ya HPV baadaye, na ndivyo insafu inavyotaka.

Wakati huohuo huko Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa kura wapate sindano moja, mbili au tatu, kwa ridhaa ya wazazi wao. Hapo kilichopimwa ni kingamwili katika damu. Baada ya miaka miwili, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata sindano moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina ya 16. Kiwango chao kilikuwa chini ya kile cha waliopata mbili au tatu, na watafiti walilieleza hilo waziwazi, lakini kililingana na viwango vya wasichana wa nchi nyingine ambao sindano moja ilikuwa imeshaonekana kuwakinga.

Mwenye kupima mambo atagundua kwamba tafiti hizi mbili hazikusubiri saratani yenyewe, kwa maana ingebidi kungoja miaka 20 huku mama zetu wakizikwa. Zilipima maambukizi na kingamwili. Ushahidi wa saratani yenyewe unatoka nchi zilizotangulia kuchanja. Huko Uingereza, wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walionekana mwaka 2021 kuwa na saratani hii pungufu kwa asilimia 87 kuliko waliowatangulia. Wao walichanjwa kwa sindano zaidi ya moja, hivyo miaka ijayo ndiyo itakayokamilisha hesabu ya sindano moja. Pia ieleweke kwamba msichana mwenye virusi vya Ukimwi hahesabiwi katika ruhusa hii. Yeye hushauriwa apate sindano mbili angalau, na tatu ikiwezekana. Mzazi amweleze mhudumu wa afya kwa faragha.

Sasa tuje kwenye maneno ya mitaani. La kwanza ni kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili limesemwa tangu chanjo ilipoanza mwaka 2006, na wasichana wa mwanzo kuchanjwa leo ni akina mama wenye watoto. Chanjo haina kirusi hai. Ina ganda la protini linalofanana na la kirusi, ili mwili umtambue adui mapema. Madhara yanayofahamika ni maumivu ya mkono, homa ndogo, na baadhi ya wasichana kuzimia kwa hofu ya sindano, ndiyo maana hutakiwa kukaa robo saa kabla ya kuondoka. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, kwa sababu tiba yake ni kukitoa au kukichoma kwa mionzi.

Neno la pili ni zito zaidi kwetu, nalo ni kwamba kumchanja binti ni kumtuhumu, au kumpa ruhusa ya zinaa, kwa kuwa kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana. Wanaosema hivi wana ghera ya dini, na ghera hiyo tunaiheshimu. Lakini hoja yao ina pengo. Binti aliyejihifadhi mpaka siku ya nikaha anaweza kuolewa na mwanamume aliyewahi kuoa na kuacha, au aliyefiwa na mke, au mwenye mke mwingine, na yote hayo ni halali. Kirusi hukaa miaka bila dalili yoyote, na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima mwanamume. Basi binti huyo atapokea kirusi ndani ya ndoa yake, kwa mume wake, bila yeyote kati yao kutenda dhambi. Sembuse pale ambapo mume alikuwa na yake ya ujanani ambayo hakuwahi kuyasema. Kuifanya saratani hii kuwa alama ya uzinzi ni kuwatuhumu wake wema waliokwishafariki nayo, na sote tunajua uzito wa kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi.

Kujikinga kabla ya balaa si kupingana na kadari. Sayyidna Umar bin al-Khattab alipopata habari ya tauni huko Sham aligeuza msafara, na alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anakwenda kwenye kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu.

Chanjo hata hivyo haimsaidii mama ambaye kirusi kimeshakaa mwilini mwake, na hapa ndipo familia nyingi husahau. Mama huhitaji kupimwa. Njia iliyozoeleka ni kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Huko Mumbai, India, utafiti wa wanawake takriban 150,000 ulionyesha mwaka 2013 kwamba kipimo hicho rahisi, kikifanywa na wahudumu waliofunzwa, hupunguza vifo kwa asilimia 31. Utafiti huo ulilaumiwa na baadhi ya wataalamu wa maadili ya tiba, kwa kuwa nusu ya wanawake hao walipewa elimu tu bila kupimwa, na nionavyo lawama hiyo ina haki.

Wapo akina mama wanaokwepa kipimo hiki kwa sababu ya haya. Hawataki kufunuliwa mbele ya mtu, hasa akiwa mwanamume. Haya ni sehemu ya imani, hatuwezi kuwalaumu. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, ambacho mwanamke huweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba laini, nyuma ya pazia, bila kuonwa na yeyote. Mwanamke huanza kupimwa akiwa na miaka 30, na akikutwa salama hurudia baada ya miaka 5 hadi 10. Mwenye virusi vya Ukimwi huanza akiwa na miaka 25 na hurudia mapema zaidi. Kikionekana kidonda cha awali, huunguzwa kwa dakika chache na mama akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Si kila kituo kina kipimo hicho, na penye siki tu, ni haki ya mama kuomba ahudumiwe na muuguzi mwanamke.

Kwa upande wa mabinti, chanjo hutolewa mashuleni na pia katika vituo vya afya. Binti aliyeacha shule, au anayesoma madrasa ya bweni isiyo kwenye orodha ya shule, hatafikiwa ila mzazi ampeleke mwenyewe. Walimu wa madrasa wanaweza kuzungumza na mganga wa kituo kilicho jirani akapanga siku, kwa sharti moja ambalo kisa cha India kimelifundisha: barua iende kwanza kwa wazazi, na jibu lirudi na saini yao wenyewe.