Katika mchezo wa vita vya kale, Kushi si ya kuchekwa

Jioni, wakati betri ya sola bado ina moto kidogo, vijana wanajibana mbele ya kompyuta moja iliyochakaa na ubishi unaanza: taifa gani lina askari mkali kuliko wote? Mmoja anataja Roma. Mwingine anasema Sparta, kwa sababu ameona filamu ya "300" na haimtoki kichwani. Wa tatu anataka tembo wa Kartago. Anayechagua Kushi, ufalme wa watu weusi wa kwenye mto Nili, anachekwa hapo hapo. Anaambiwa atachapwa hata chai haijachemka, eti Afrika hata kwenye mchezo haina nguvu.

Kicheko hicho hakina msingi, wala katika mchezo wenyewe, wala katika historia. Na kwa kuwa wengi wanaocheka ni watoto wa familia zilizokimbia vijiji vyao, si vizuri kukiacha kipite hivi hivi.

Mchezo unaozungumzwa unaitwa 0 A.D. Jina ni la mwaka ambao haukuwahi kuwepo, maana baada ya mwaka 1 kabla ya Kristo ulifuata moja kwa moja mwaka 1 baada ya Kristo. Umetengenezwa na watu wa kujitolea wa kundi la Wildfire Games, na ni wa bure kabisa. Mtu mmoja akishaupakua, wengine wanaunakili kwa flashi bila kuvunja sheria yoyote, na hauhitaji megabaiti ili kuucheza. Ndiyo sababu unafika hata mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha.

Kila mchezaji anaanza na kituo cha kijiji, wanawake wachache, askari wachache na mpanda farasi. Hakuna kungojeana zamu. Huku unajenga, adui naye anajenga. Mali ni za aina nne: chakula, mbao, mawe na madini. Kijiji kinakuwa mji mdogo, kisha mji mkubwa, na hapo ndipo wanapopatikana askari bingwa ambao vijana wanawabishania.

Kosa la ubishi wao ni namna wanavyopima. Wanamchukua bingwa mmoja wa Sparta, wanamweka mbele ya bingwa mmoja wa taifa lingine, wanatazama nani ataanguka. Kipimo hicho kinafaa kwa jogoo wa kupiganishwa. Vita, hata vya kwenye kioo, havipimwi hivyo.

Tuseme Sparta, maana ndiyo inayopendwa zaidi. Mabingwa wake ni wazuri kweli. Lakini waliotengeneza mchezo waliwatoza bei: Sparta iliwahi kupunguziwa asilimia 10 ya idadi ya watu inayoruhusiwa kuwa nao, wakati Wapersia waliongezewa asilimia 10. Hawakuyatoa hayo hewani. Raia kamili wa Sparta hawakulima. Mashamba yao yalilimwa na watumwa walioitwa heloti, na hao raia walizidi kupungua kizazi baada ya kizazi. Mwaka 371 kabla ya Kristo, huko Leuctra, walikutana na jeshi la mji wa Thebes. Walikuwemo raia kamili wapatao 700, wakafa karibu 400. Siku moja tu! Aristotle aliandika baadaye kwamba Sparta iliangamia kwa uhaba wa watu. Filamu haionyeshi hayo. Haionyeshi pia kwamba kule Thermopylae, siku ya mwisho, Wasparta 300 hawakuwa peke yao. Watu 700 wa mji wa Thespiae walibaki nao na kufa nao, na hakuna kijana anayewataja.

Tembo nao ni hivyo hivyo. Katika mchezo anatisha: anaponda kuta na nyumba ambazo upanga ungezikwaruza tu. Lakini anakula nafasi za watu kadhaa, anagharimu chakula na madini mengi, na anatembea polepole. Huko Zama, mwaka 202 kabla ya Kristo, Hannibal alikuwa na tembo zaidi ya 80. Scipio wa Roma aliwapanga watu wake kwa mistari yenye njia wazi katikati, tembo wengi wakapita humo bila kuumiza mtu, wengine wakatishwa na tarumbeta wakarudi kuwakanyaga wenzao. Roma yenyewe, ukiiangalia vizuri ndani ya mchezo, haina askari wa ajabu kuwazidi wote. Inachowazidi wengine ni kambi: inaweza kujenga kambi ya jeshi ndani ya ardhi ya adui na kuendelea kuandikisha askari hapo hapo. Nguvu yake ni kutorudi nyumbani, na huku mashariki mwa Kongo hilo halihitaji kufafanuliwa.

Halafu kuna jambo ambalo wabishi hawaligusi kabisa. Katika 0 A.D. askari wa kawaida ni raia. Asubuhi anakata miti, anachimba mawe, anajenga nyumba. Adui akitokea, anashika mkuki. Bingwa hafanyi kazi. Hakati hata ukuni mmoja. Anakula nafasi ya mtu aliyekuwa akileta mali, na amenunuliwa kwa madini ambayo machimbo yake yanaisha. Shamba, kwa upande wake, haliishi. Linachukua watu watano, na likiwa na watu linatoa chakula hadi mwisho wa mchezo. Wanawake ndio wanaolilima haraka kuliko askari, na mwanamke mmoja anapatikana kwa chakula 50 tu.

Kwa hiyo mchezaji hodari hamshambulii bingwa. Anatuma wapanda farasi wachache, mapema kabisa, kwenda kuwapiga wanaolima. Dakika ya nne au ya tano, mashamba yakishabaki matupu, taifa hilo limekwisha hata kama lingekuwa na haki ya kutoa askari mkali kuliko wote duniani. Bingwa hatakuja, kwa sababu chakula cha kumlipia hakipo.

Mama yeyote aliyelala katika hema la wahami anajua habari hii bila kugusa kompyuta. Anajua mihogo aliyoiacha ardhini imevunwa na nani. Anajua kwamba bei ya debe la unga sokoni inaanzia kwenye shamba ambalo hakuna anayethubutu kurudi kulilima, na kwamba watu wenye bunduki wakiongezeka, wa kushika jembe wanapungua. Vijana wangemuuliza yeye taifa gani lina nguvu, angeuliza kwanza nani analima.

Sasa Kushi. Ndani ya mchezo ina wapiga mishale wanaofika mbali, na ina watu wa mikuki mirefu ambao hawaui haraka lakini ni wagumu kuangushwa. Anayewatumia kama watu wa kukimbilia na kukata atashindwa, na ndiyo sababu wengi wanashindwa nayo. Inabidi kuwasimamisha mbele kama ukuta, mishale ipite juu yao. Inaweza kuwalipa mamluki wa Noba na wa Blemi. Ikifika mbali ina walinzi wa hekalu na tembo wa vita wa Meroe. Ni taifa la mtu mvumilivu. Anayetaka kushinda dakika ya kumi achukue lingine, hakuna ubaya, ila asiseme taifa ni dhaifu wakati mkono wake ndio wenye haraka.

Miongoni mwa mashujaa wake watatu yumo mwanamke, Amanirenas. Huyo hakutungwa na waliotengeneza mchezo. Alikuwa malkia wa Kushi, katika nchi inayoitwa leo Sudani, wakati Augustus alipoichukua Misri. Karibu mwaka 25 kabla ya Kristo, Wakushi walivuka mpaka wakaiteka miji ya Syene, ambayo leo ni Aswan, pamoja na Elefantine na Philae. Waliangusha sanamu za Augustus. Strabo, Mgiriki aliyeishi wakati huo huo, anamtaja malkia wa Kushi wa vita hivyo kuwa mwanamke shupavu, tena mwenye chongo.

Roma ilijibu, na haifai kudanganya hapa: ilijibu vibaya. Gavana Petronius aliingia hadi Napata akaibomoa, na watu wengi wakauzwa utumwani. Lakini vita havikuishia hapo. Wakushi walirudi, na mwishowe wajumbe wao walikwenda kuonana na Augustus mwenyewe katika kisiwa cha Samos. Mfalme huyo, ambaye dunia nzima ya kwao ilimlipa kodi, aliwaondolea Wakushi kodi aliyokuwa amewatoza. Meroe iliendelea kuwa huru kwa karne tatu na zaidi. Ni falme ngapi zilizogombana na Roma ya Augustus zinaweza kusema hivyo?

Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta huko Meroe kichwa cha shaba cha Augustus, macho yake ya kioo na mawe yakiwa bado mazima. Kilikuwa kimezikwa chini ya mlango wa hekalu, ili kila anayeingia amkanyage. Leo kimo katika makumbusho ya British Museum, London. Vijana wanaosema Kushi haina kitu wangekitazama kwenye simu, kisha warudi kwenye ubishi wao.

Wapo pia wanaosema tembo wa Kushi ni uongo, kwamba tembo wa Afrika hafugiki, anayefugika ni wa India tu. Kwa hilo si lazima kwenda Sudani. Hapa hapa Kongo, katika Uele, tembo walifunzwa kazi tangu mwanzo wa karne iliyopita, kwanza Api na baadaye Gangala na Bodio, karibu na mbuga ya Garamba. Walivuta magari na magogo, na walimsikia mtu aliyekaa shingoni. Wazee wa upande ule bado wanasimulia. Na huko Kushi, katika magofu ya Musawwarat es-Sufra, tembo amechongwa kwenye mawe mahali pengi.

Kuna wazazi ambao hawataki kusikia lolote kuhusu mchezo huu. Mtoto ametoka kwenye milio ya risasi, wanasema, na sasa anakaa kuchezea vita? Wana sababu. Nyumba ikianguka kwenye kioo inageuka vumbi na mchezaji anahesabu tu mbao alizopoteza. Hakuna anayetoka na godoro kichwani. Hakuna mtoto aliyepotezana na mama yake njiani. Kwa mtoto mdogo, hasa aliyeona mambo kwa macho yake, afadhali mpira. Na kompyuta ya pamoja ikitumika usiku kucha kwa vita vya Roma, simu za watu hazijachajiwa, ugomvi wake ni wa kweli kabisa.

Lakini kijana wa miaka 16 au 17 ambaye shule yake imefungwa au imejaa familia zilizolala madarasani, ambaye kupitia mchezo huu anasikia jina la Meroe kwa mara ya kwanza, hajapoteza wakati wake wote. Kinachomharibu ni ule ubishi wa mabingwa. Kila mara anaposema mwenye nguvu ni yule mwenye silaha kali, anarudia maneno ya watu wanaopita vijijini kuandikisha vijana kama yeye. Wao pia wanawaonyesha bingwa tu. Hawaonyeshi shamba.

Mchezo una kitufe kimoja ambacho wachezaji wenye haraka hawakijali. Ni cha kupiga mbiu ya hatari. Adui akionekana, unakibonyeza, na wanawake walioko shambani wanaacha majembe na kukimbilia ndani ya nyumba zilizo karibu. Milango inafungwa. Adui akishaondoka unabonyeza tena, na wote wanatoka, kila mmoja anarudi kwenye shamba lile lile alilokuwa akilima.